Winga Aliyekuwa Kwenye Kiti Changu

Kaka yangu,

Huku wazima, na saluni inakwenda. Kile kiti ulichokiacha kikiyumba nimekikaza. Wateja ni walewale na ubishi wao ni uleule: kocha gani aliua kipaji cha Baba?

Jumamosi fundi viatu alimlaumu yule aliyemrudisha nyuma kucheza beki. "Winga kama yule unamfunga kamba golini kwake?" Dereva akamjia juu: "Acha hizo! Aliyemmaliza ni yule aliyemweka benchi. Kipaji kilioza kwa kukaa!"

Baba alikuwa mbele yangu, povu limejaa kidevuni. Alisikiliza weee, kisha akauliza kwa upole, "Kwani huyo mchezaji wenu alikuwa nani?"

Walicheka mpaka wakapigana mabega, wakidhani ni utani wake wa siku zote. Mimi nilikuwa nayatazama macho yake kwenye kioo. Nikaweka wembe chini.

Ukimpigia simu, kaka, usimwambie wewe ni mwanawe. Atahangaika kukutafuta kichwani, na itamuuma. Mwambie wewe ni shabiki. Mashabiki bado anawashukuru.

Ni mimi mdogo wako,
kinyozi.