Nguruwe aliyepaswa kufunga

Karuba, siku ya pili, mwezi wa tatu 1969

Nimesema ukweli, na roho yangu iko nyepesi.

Dokta wa nyama, mwenye kutibu mifugo, anapima damu ya nguruwe weupe wa Ulaya na weusi wa kwetu, aone wanaachana wapi. Alikataza wasile kitu mbele ya sindano. Lakini yule mweupe mwenye kunyonyesha alinililia asubuhi mapema, mimi mwenye kuwalisha. Nikamupa maharagi ya jana, yenye mawese mengi. Nikaosha sahani, nikaificha.

Saa nne damu ikatulia katika chupa. Ya wengine, maji ya juu yalikuwa safi. Yake yalikuwa meupe sawa maziwa. Nikaogopa kwamba nimemuharibia Dokta kazi yote.

"Dokta, ni mimi. Nilimulisha."

Akacheka. "Mama Furaha, hayo ni mawese yako. Mimi ninatafuta alama ingine katika mafuta ya damu, ile mutoto anapata kwa baba na mama yake. Chakula haiwezi kuibadilisha. Lakini weupe huu unaificha. Kesho tutatoa damu ingine safi, na wewe usikaribie na sahani."

Asante Mungu.

Kesho nami nitafunga mpaka sindano ipite. Nikishiba mimi, naye akinililia tena, ninajijua: nitamulisha.