Nimemsafishia Mama Mkwe Uwanja, Sasa Hatoki Nje

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu waliosikia nusu ya habari wameshanihukumu tayari, na mmoja wao ni mume wangu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni usafi katika jengo la ofisi, na usafi kwangu si kazi tu, ni maradhi, nikiona utando wa buibui hata kwenye nyumba ya watu mkono unaniwasha, mume wangu enzi tunataniana vizuri alikuwa ananiita Bi Fagio na mimi naitika. Kila kiangazi shule zikifungwa tunakwenda kukaa kwa mama mkwe, ambaye tangu baba mkwe afariki anaishi peke yake katika nyumba waliyoijenga kwa mikono yao, na ni mtu asiyetaka kusaidiwa, ukishika ndoo yake na yeye anaishika upande wa pili. Sina ugomvi naye, tangu nimeolewa ananiita mwanangu, na mimi namwita mama bila kujilazimisha.

Lakini uwanja wake, mshauri, ulikuwa unaninyima raha. Ngazi za mbele zimeota ukungu wa kijani, ukuta wa nyuma umeshika vumbi la miaka, beseni lililopasuka limewekwa katikati ya njia ya kwenda bombani, matofali mabovu yamepangwa mstari kutoka getini bila sababu, kokoto zimemwagwa mbele ya shimo la taka, kamba ya kuanikia nguo imefungwa chini chini kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni, kila anayepita inamkata kifuani, na kwenye kona kuna kichaka cha mchaichai kilichozeeka, majani makavu matupu. Kila mwaka nilimwambia tupasafishe na kila mwaka alinijibu kwamba niache, yeye anapajua hivyo hivyo. Mimi nikachukulia ni uzee, watu wazima hawapendi kubadilishiwa vitu.

Mwaka huu mdogo wake aliugua, mama akaenda kukaa naye juma zima, na mimi nikaona hapa ndipo pa kumfurahisha. Nikawapanga wanangu, mmoja abebe maji, mwingine achambue takataka, tukaanza na mabati, nikapanda juu nikatoa majani makavu kwenye mifereji ya paa, tukasugua ngazi kwa brashi na mchanga mpaka saruji ikaonekana, tukaosha madirisha kwa nje, nikapaka ukuta chokaa mara mbili, matofali nikayabeba nyuma ya banda, kokoto nikazifagia, beseni nikampa mtu wa mkokoteni, mchaichai nikaung'oa na mizizi yake nikauchoma, na kamba nikaifungua nikaweka waya mpya mrefu upande wenye jua. Nilipomaliza nilikaa kwenye ngazi nikanywa chai nikiutazama ule uwanja, na nakwambia ukweli, nilijisikia mkwe mwema.

Mume wangu alimleta mama mchana wa jua kali. Aliposhuka kwenye gari alisimama getini muda, mimi nikadhani ni mshangao, nikamkimbilia nikamwonyesha hiki na kile, yeye anageuza uso kufuata sauti yangu, akasema pamependeza, mwanangu, panang'aa. Kisha akaomba apelekwe ndani, amechoka na safari.

Kesho yake asubuhi niko dirishani mwa jikoni, wengine bado wamelala, nikamwona ametoka na nguo yake aliyoifua. Akaenda pale kamba ilipokuwa, akaikung'uta ile nguo, akaining'iniza hewani, ikaanguka chini. Akainama akaipapasa mpaka akaipata, akaikung'uta tena, akaining'iniza palepale, ikaanguka tena. Mshauri, mara ya tatu alibaki ameikumbatia ile nguo yenye vumbi kifuani, amesimama katikati ya uwanja, hajui aelekee wapi, na mimi bado namtazama tu dirishani, mpaka alipoita kwa sauti ndogo, "Kuna mtu?"

Nilimrudisha ndani, na ndipo aliponiambia. Haoni. Miaka mingi nyuma alikwenda hospitali peke yake wakamwambia ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, wakampa dawa, zilipoisha hakurudi tena kwa kuogopa watoto watajua. Sasa amebaki na mwanga tu, anajua dirisha liko wapi. Ule uwanja aliupanga mwenyewe alipoona giza linakuja. Kamba ilikuwa ya kushika mkononi kwenda chooni. Matofali aliyafuata kwa mguu. Kokoto zilimwambia shimo liko karibu, beseni lilimwambia bomba limefika, na mchaichai aliunusa akajua hapa ndipo pa kukata kona. Hata ule ukungu wa ngazi alikuwa anaujua kwa unyayo, ngazi ya mwisho ndiyo ilikuwa na mwingi. Mimi ndiye niliyempofusha, mshauri, kwa brashi na chokaa.

Nikalia, yeye hakulia. Alinishika mkono akasema, "Usimwambie mwanangu. Akijua atanihamisha, na huko kwa watu nitakuwa kipofu. Hapa nilikuwa bado." Nikamwahidi.

Baada ya hapo akawa hatoki. Nikaona nirekebishe, nikasubiri amelala mchana, nikarudisha matofali, nikafunga kamba, nikatafuta beseni jingine, lakini sikukumbuka sawasawa, na jioni, nilipokwisha kumwambia nimevirudisha, alitoka peke yake akayafuata yale matofali, yakampeleka ukutani, akaanguka, goti likachubuka na kiganja kikavimba. Mume wangu ndiye aliyemkuta chini. Yeye anaamini mama amesusa kwa sababu niliuvuruga uwanja wake, na kwamba siku ile alikuwa anajaribu kuondoka kunikimbia mimi. Aliniambia mbele ya watoto, "Umemfagia mama yangu kama takataka." Wifi yangu naye anasema nasafisha nyumba ili niirithi. Mwisho wa mwezi wanamhamishia kwa wifi, ghorofa ya tatu. Nikinyamaza anahama kwa sababu yangu, nikisema anahama kwa sababu ya macho yake na nimevunja ahadi. Mume wangu haongei na mimi, mama anakaa kitandani ameelekea dirishani, na mimi sijashika ufagio tangu siku hiyo. Nifanye nini?

Ni mimi, mkwe niliyepitiliza

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe uliyepitiliza, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikalia, kwa hiyo nikikukemea usidhani sijakusikia.

Kwanza tuliondoe hili la kumpofusha mtu. Macho ya mama yako yameondoka kwa ugonjwa, hukuyachukua wewe. Ulichomnyang'anya ni njia zake, na hilo ni kubwa vya kutosha, huna haja ya kulikuza. Ulitaka kumfurahisha, sawa. Lakini miaka yote hiyo alikwambia uache, na ukangoja aondoke ndipo ufanye. Mtu anayefanyiwa wema akiwa hayupo hana namna ya kuukataa, na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana ukamvizia amesafiri.

Hilo nakusamehe kwa sababu hukujua. La pili sikusamehe kirahisi. Ulipokwisha kujua, ulipokwisha kushikwa mkono na kuambiwa kila kitu, ulisubiri nini? Ulisubiri alale ili urudishe matofali kwa kumbukumbu zako wewe, wakati mwenye kumbukumbu yuko ndani hatua chache kutoka ulipo. Kulikuwa na ubaya gani kumuuliza? Nadhani uliona aibu kumwangalia. Aibu yako ndiyo iliyomwangusha, bibi, si matofali.

Na huyu mama unayemwogopa, hebu mtazame vizuri. Pale getini ulipokuwa unamkokota kumwonyesha chokaa, tayari alijua kwamba uwanja wake umeguswa, maana mguu wake ulishayakosa matofali, na bado akakujibu pamependeza. Alikuwa amepotea nyumbani kwake mwenyewe, akawa anaangalia usiumie wewe. Mtu wa namna hiyo hahitaji umfichie siri, anahitaji mtu wa kukaa naye wazungumze.

Sasa ahadi. Ulimwahidi hutasema, basi usiseme. Hukumwahidi kwamba hutamsihi aseme mwenyewe. Leo hii, si mwisho wa mwezi, ingia chumbani kwake, funga mlango, mweleze kwamba wanawe wameshapanga kumhamisha, maana sidhani kama kuna aliyejisumbua kumwambia. Mweleze kwamba siri yake imeshindwa kazi, inamwondoa kwenye nyumba ileile ambayo aliificha siri hiyo ili abaki ndani yake.

Kisha mwambie jambo moja ambalo wewe hukuliandika, na sijui kama unalijua. Presha ya macho mara nyingi hutembea kwenye damu. Inaanza kimya kimya pembeni ya jicho bila maumivu, mtu anaendesha gari, anasoma gazeti, kumbe inamla. Mumeo ni damu yake. Wifi yako ni damu yake, hata kama mdomo wake unakukera. Wanao wawili ni wajukuu zake. Yeye alichelewa, lakini ikigundulika mapema inazuiliwa isiendelee, na hawatakwenda kupimwa kama hawajui kuna nini cha kupima. Mama anaweza kuficha giza lake mwenyewe miaka na miaka kwa ajili ya heshima yake. Akijua kwamba huenda giza hilo linamnyemelea mwanawe, atamwita mwenyewe. Mimi nimezaa, nakwambia atamwita.

Akimwita, wewe kaa karibu yake na unyamaze. Usijitetee, usimkumbushe mumeo alichokwambia mbele ya watoto. Atayakumbuka peke yake, na yatamuuma kuliko ukimkumbusha. Siku nyingine umwambie kwamba yalikuumiza, ni haki yako, lakini siku hiyo mwachie mama yake. Na mama arudi kliniki ya macho, akapimwe upya, ule mwanga wa dirishani uliobaki una thamani, usiachwe upotee kwa sababu dawa ziliisha zamani.

Kuhusu kuhama, sitakudanganya kwamba utashinda. Watoto wakiogopa hufungasha mizigo haraka. Lakini mwambie mumeo aulizwe mama kwanza, na jibu lake litoke mdomoni mwake, na kama atabaki basi awepo mtu wa kulala pale. Ghorofa ya tatu kwa mtu asiyeona ni jela yenye madirisha mazuri.

Na uwanja usiuguse. Usihamishe hata jiwe. Mwambie mama utafanya kazi ya mikono tu, yeye atasema kipi kiende wapi, wewe ubebe, yeye apite akanyage, akisema sogeza sogeza, akisema ng'oa ng'oa, hata kama jicho lako la ofisini linaona ni vurugu.

Huenda akakataa. Aliyeanguka kwenye uwanja wake mwenyewe anaweza kuuogopa mlango kwa muda mrefu, pengine mpaka mwisho, na hilo itabidi uishi nalo. Usimvute. Fungua mlango, weka viti viwili kizingitini, mkae wote wawili jua liwaguse miguuni, na umuulize kama angependa kutoka. Akisema hapana, kaeni. Kesho umuulize tena.