Mbegu ya Maganga Amepewa Wifi

Guangzhou, China

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umelala vibaya tangu barua yenu inifikie. Nasema "yenu" kwa sababu maneno ni yako lakini mkono ni wa wifi. Najua na hii atakusomea yeye, maana mumewe Salum akitoka shamba hana hamu na karatasi, na wewe shule hukupelekwa. Basi wifi Tatu, nawe salamu. Kaa vizuri, msomee mama kama ilivyoandikwa, usiruke mahali.

Barua niliisoma Xintang, kwenye karakana ya jinzi, nimekaa juu ya marobota nikisubiri mzigo wa Dar. Laoban, yaani tajiri wa pale, alikuwa ameniahidi suruali nyeusi, akaniletea za buluu. Nikimwuliza nyeusi ziko wapi anajibu "meiyou", hakuna, na juu yake anacheka. Rangi ya jinzi hizo inatoka, mama. Nikishinda nazipanga, mikono inarudi nyumbani ya buluu mpaka kwenye kiwiko, na sabuni haisaidii. Siku hiyo sikugombana naye. Nilikuwa nimeshafika pale ulipoandika kwamba kibuyu cha mbegu ya Maganga umemkabidhi Tatu, mbele ya watu, na akina mama wakapiga vigelegele.

Halafu zikafuata sifa. Tatu anaamka kabla ya jogoo. Matuta ya Tatu hayabomolewi na mvua. Tatu ana mkono wa baraka. Nikajiuliza, mama kayasema yote haya, au mwandishi katia chumvi? Nakwambia wazi mwanao nimeona wivu. Si wivu wa kusema unapita. Chakula kilinishinda siku hiyo, na mimi unanijua kwa chakula. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu wetu sijui kamba yake nani aliikata mapema hivyo. Na wanasema mcheza kwao hutunzwa. Sawa, mimi nacheza kwa watu, nani atanitunza?

Labda wifi hajui hata alichopewa. Basi ajisomee mwenyewe, kwa sauti.

Maganga, babu yake baba yetu, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, akarudi na mzigo wa nguo. Katika kurudi homa ikamwangusha Ugogo, wenzake wakamwacha. Mama mmoja mzee asiyemjua hata jina ndiye aliyemuuguza, na siku ya kuagana akampa suke moja la mtama mwekundu. "Huu hauogopi jua," alimwambia. Maganga akalifunga nguoni, akatembea nalo mpaka nyumbani Unyamwezi.

Kufika, akakuta kaka zake wameshagawana ardhi ya kichanga, ile laini. Yeye wakamwachia mbuga. Wifi, wewe umeikuta mbuga ile imeshatulia, ina matuta na njia. Wakati huo yalikuwa majani marefu kupita mtu, udongo mweusi, masika unameza kwato za ng'ombe na kiangazi unapasuka mpaka mguu unazama. Watu walimwambia mbuga ni ya fisi. Akainua matuta kufika kiunoni ili maji yapite chini, yeye na mkewe, kwa jembe la mkono. Akajenga tembe, paa la udongo, fupi mno hata masika majani yakiota juu mbuzi walipanda kulisha huko. Mwaka wa kwanza maji yalibeba kila kitu. Uliofuata ndege wakala, wakamwachia mabua. Hakuhama. Na mtama ulipokubali, wale kaka wa kichanga walikuja kuomba unga.

Basi akaweka sharti: mbegu itunzwe na mke wa nyumba, naye amrithishe mke wa mwanawe. Binti asishike kibuyu. "Binti ni mgeni anayesubiri kuondoka," alisema, na wanaume wote wa ukoo wakalishika neno hilo mpaka leo kama vile ni aya.

Alikuwa na binti anaitwa Nyamizi. Akaolewa mbali, mwendo wa siku nzima na zaidi, akaondoka na kaniki yake mwilini na shanga zake. Hakuna aliyemwuliza kitu. Kisha nzige wakaja. Walikula mtama, wakala majani, wakala mpaka yale ya juu ya paa la tembe. Watu wakala kilichobaki ghalani, na ghala lilipokwisha mke wa Maganga akashusha kibuyu kutoka kwenye moshi, akapika mbegu huku analia. Babu yetu akiwa mtoto alikula uji huo.

Mvua iliporudi hakukuwa na cha kupanda. Ndipo mpita njia akasema ameona mtama mwekundu huko kwa wakwe wa Nyamizi. Maganga akaenda kwa miguu. Binti alimwona tangu mbali, hakumkimbilia. "Karibu baba, kaa," akamwambia. Akasaga, akapika, akaandaa, na mzee akatambua ugali wake kwenye tonge la kwanza. Akasema, "Mwanangu, nimekuja kuomba." Nyamizi akamjibu, "Kula kwanza. Mbegu haiombwi kwa kusimama." Alipomaliza kunawa ndipo akapewa. Mtama ule binti aliondoka nao siku ya harusi, umeshonewa kwenye pindo la kaniki.

Mnakula leo kwa sababu ya pindo lile. Na Maganga alirudi akafanya nini? Akamkabidhi mkewe kibuyu, na mkewe akamkabidhi mke wa babu, naye akakupa wewe mama, uliyetoka Urambo na sanduku lako. Nyamizi alipata jina tu. Kila kizazi msichana mmoja aitwe Nyamizi. Kizazi hiki mkaniita mimi. Tatu ana kibuyu, mimi nina jina, na jina halisongeki likawa ugali.

Sasa nisikilizeni vizuri, wote wawili.

Mama, ule mtama ulionifungia wa uji siku naondoka, sikuupika wote. Nilibakiza kiganja kimoja. Ninapoishi ni ghorofa ya juu kabisa, na paa liko wazi. Nikatafuta ndoo za rangi zilizotupwa, nikaomba udongo kwa watu wanaochimba barabara, nikapanda. Ukaota, ukanipita urefu, majani tu. Nikasema basi, hata mtama nao unamtambua mke wa nyumba. Kilipokuja kimbunga niliziburuta ndoo zote mpaka kwenye ngazi, wapangaji wakawa wanapita wananitukana kwa Kichina.

Jirani yangu, Dada Liu, ni mshonaji wa jinzi, katoka bara kwao Sichuan. Alipouona akashika bua, akasema, "Gaoliang! Gaoliang!" Ndilo jina lao. Kwa ishara akanieleza kwamba kwao wanautengenezea pombe. Nikamwambia kwetu ni ugali na uji, nikanyamaza kuhusu yale mengine ya kwa baba mdogo. Joto lilipoanza kupungua, masuke yakachomoza. Mekundu, mama, yale yale. Dada Liu akayashonea vifuko vya mabaki ya jinzi ili shomoro wasiyaguse. Nimeyavuna. Jiko langu ni la gesi, halina moshi, kwa hiyo nimeyatundika juu ya jiko lake la makaa ya mawe lililoko koridoni, na kila mtu hapa ameambiwa asiyaguse.

Jambo moja linanikosesha raha. Msafiri hufungiwa unga. Nani humfungia msafiri mtama mzima, haujakobolewa, kwenda mahali asipojua kama atapata kinu? Nimelifikiria sana, mama. Usinijibu kwa barua, maana mkono hautakuwa wako. Nikija utaniambia kwa mdomo.

Nisalimie mdogo wangu Salum, mwambie suruali yake ninayo, ni ya buluu. Nisalimie baba mdogo na pombe yake, na shangazi mkunga, na yule binti yake wa mwisho kama ameshapata mume.

Nawe wifi, asante kwa kusoma mpaka hapa, kama umesoma. Kitunze kibuyu. Usikishushe kwenye moshi ukakitia kabatini, mama atakuonyesha. Lakini nzige hawapigi hodi. Ikitokea siku kibuyu kikawa kitupu, njoo kwangu, popote nitakapokuwa. Nitakupa. Ila utakaa kwanza, nikupikie, ule mpaka umalize.

Mwanao,
Nyamizi