Picha Iliyochelewa

Moonta, Januari 3

Kerryn mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ukiondoa yale unayoyajua. Huko mgodini joto linawafanyaje? Kula chakula cha maana, usiishi kwa chai na biskuti.

Nakuandikia kwa sababu simu siku hizi naisikia nusu, nusu nyingine nabahatisha. Kile kikompyuta ulichonifungia nyuma ya televisheni, kidogo kama pakiti ya karata, kinanitia wazimu. Kriketi ikianza, picha inakwenda dakika kumi, inakwama. Mtupaji yuko mguu mmoja hewani, kaganda. Mama yako akiona hivyo anainuka, anatafuta viatu, anataka kwenda uwanjani kuandika alama kama alivyoiandikia klabu miaka thelathini. Picha isipokwama, anakaa na daftari lake saa nzima nzima, anaandika kila mpira, na mimi napata kulala. Sifichi, usingizi mwingine sina.

Nyumba ya wazee ya Kadina wana kitanda kwa ajili ya mama yako. Watanisubiri mpaka tarehe ishirini. Nimewaambia nitafikiri. Wewe nisaidie picha iende.

Baba yako,
Denzil

*

Mgodini, Januari 5

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, joto digrii arobaini na nne, chai inakaribia kuchemka yenyewe. Mama anakula? Mgongo wako je?

Angalia kona ya juu ya picha. Kuna alama ndogo ya radi? Kama ipo, kikompyuta kinanyimwa umeme. Nilikuachia chaja nyeupe yenye karatasi niliyoandika USIGUSE. Tafadhali usiniambie umeichukua kuchajia simu.

Mwanao,
Kerryn

*

Moonta, Januari 6

Kerryn,

Salamu. Mgongo ni uleule, mama yako anakula pai anaacha mboga.

Nimeichukua kuchajia simu. Na radi ipo, mimi nilidhani ni utabiri wa hali ya hewa. Nimerudisha chaja mahali pake, radi imeondoka. Sasa inakwenda nusu saa ndipo inakwama. Halafu watu wakikimbia wanaota mistari pembeni kama meno ya chanuo. Mama yako anasema wote wanahitaji kunyoa.

Nimechoka, mwanangu. Jana nilisinzia nimesimama, birika mkononi.

Baba yako

*

Mgodini, Januari 8

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Hilo la birika limenitisha.

Mistari nimeiondoa. Nimeingia ndani ya kikompyuta kutoka huku kwa mtandao, nimewasha kinachosawazisha picha. Kukwama ni kwa sababu antena yenu inayumba upepo wa baharini ukivuma. Kwa hiyo nimekiambia kiweke akiba kubwa ya picha kabla ya kuzionyesha, mawimbi yakikatika kiwe na cha kuonyesha. Hakitakwama tena. Ulale.

Kuhusu Kadina sikulazimishi. Ila ukianguka wewe, nani atamwinua nani?

Mwanao,
Kerryn

*

Moonta, Januari 14

Kerryn,

Salamu. Picha haikwami tena, na siku mbili mfululizo nimelala mpaka saa kumi jioni. Ningekushukuru vizuri kama nisingelifungua daftari.

Timu ina alama mia moja na tisini za mikimbio, mama yako kaandika karibu mia nne. Mtu katolewa, halafu mtu huyohuyo katolewa tena. Merle, aliyekuwa akiwasahihisha waamuzi mbele ya watu! Nikamuuliza polepole. Akasema, "Ndivyo ilivyokuwa, Denzil," lakini macho yake yalikuwa na woga. Kesho yake ni yaleyale.

Basi, na hilo nalo limekwenda. Nimewapigia Kadina nikawaambia hajui tena anachofanya. Ijumaa nakwenda kusaini. Nakutumia picha ya ukurasa ujionee. Usinibishie, sina nguvu.

Baba yako

*

Mgodini, Januari 16

Baba,

Shikamoo. Sikubishii, ila usisaini kabla hujasoma barua hii yote.

Nimekaa na ule ukurasa mapumziko yangu yote. Hakuna namba ya kubuni hata moja. Kila kitu kipo, kwa mpangilio, mara mbili. Nne, kisha nne. Katolewa, kisha katolewa, na mdakaji yuleyule.

Bado mnazima sauti ya televisheni mnafungua redio, si ndiyo? Nyumba yetu tangu babu hatuwavumilii watangazaji wa televisheni. Nami nimekulia humo, nikasahau. Redio inafika papo hapo. Picha inatoka kwenye ile akiba yangu, nusu dakika baadaye. Mama kasikia nne, kaandika. Kaona nne, kaandika. Hakukosea, Baba. Mimi ndiye niliyemvuruga, na wewe ulikuwa umelala, kama nilivyokuambia.

Nimeipitisha redio kwenye kikompyuta hichohicho ili visubiriane. Zima redio ya mezani. Kisha siku moja tu usilale, kaa naye.

Naona aibu. Nisamehe.

Mwanao,
Kerryn

*

Moonta, Januari 24

Kerryn mwanangu,

Salamu, na huna cha kusamehewa.

Alhamisi nilikaa naye. Sauti na picha vilikwenda pamoja. Aliandika mchana kutwa, ulimi nje kidogo, kama zamani. Jioni jumla yake ilipishana na ya redio kwa mkimbio mmoja, akasema redio wamekosea. Baadaye wakajisahihisha. Nilimbusu kichwani. Akafunga daftari, akanishukuru kwa ukarimu, akaniuliza mumewe atakuja kumchukua saa ngapi. Nikamwambia yuko njiani.

Ijumaa nilikwenda Kadina nikasaini. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu kwanza. Kwenye fomu pana mahali pa sababu, na dada wa mapokezi alikuwa ameshajaza maneno yangu ya kwenye simu, kwamba hajui anachofanya. Nikaomba kalamu, nikayakata, nikaandika: mume amechoka. Akasema hiyo si sababu wanayoizoea. Nikamwambia sina nyingine, na hiyo ndiyo ya kweli.

Jumatatu nilimpeleka. Alishuka garini bila shida, akawasalimia wote, akauliza nani anacheza leo.

Jana nililala muda wa saa kumi bila kukatisha. Nilipoamka nilimtafuta nyumba nzima.

Baba yako,
Denzil