Barua ya Shule ya Chebet

Jumatatu, 3 Machi 2025

Faili mpya hapa ofisini kwa wakili. Mama, mteja wetu, anaitwa Jerop, wa hapa Kapseret. Baba ni Musobo, Mganda wa Kapchorwa. Wameachana. Mtoto ni mmoja, Chebet, miaka saba. Baba alifungua kesi Mbale, kwao Uganda, Novemba; sisi tumefungua Eldoret juzi. Sasa mahakama ya nchi gani itaamua mtoto akae na nani? Wakili Irungu anasema swali ni moja tu: Novemba Chebet alikuwa akiishi wapi? Barua ya shule ndiyo itasema. Kisha akafunga mlango. Huwa hafungi.

Jumatano, 5 Machi

Barua ipo! Shule moja ya Kapseret inasema Chebet yuko kwao tangu Septemba. Karatasi haina hata mkunjo. Nani aliileta? Nilikaa mapokezi siku nzima – sikuona mtu.

Jerop alikuja na mtoto, akaingia kwa wakili. Nikabaki na Chebet. Nikampa biskuti, nikamtania: wewe hata kusoma hujui. Akaringa! Alikuwa namba tatu, Primary One. Walifanya mtihani Krismasi ikikaribia, baba akamchinjia kuku.

Mtihani Desemba. Hapa Kenya watoto hufunga shule Oktoba! Basi Novemba Chebet alikuwa bado kwa baba, Uganda.

Nikamwongezea biskuti. Lakini safari hii mlango wa wakili ulikuwa wazi kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Nadhani wakili na Jerop walimsikia Chebet. Asubuhi nimekuta hati ya kiapo mezani, jina langu juu. Eti mimi, Kageha, nilienda shuleni nikapewa barua na mwalimu mkuu. Sijawahi kukanyaga huko! Niliuliza, kwa adabu, kwa nini asiape Jerop. Wakili akacheka. "Wewe una sura ya mwanakwaya, Kageha. Jaji atakuamini hata ukipiga chafya."

Kiapo cha uongo ni jela. Anajua kwamba najua.

Jioni Jerop alinifuata hadi kwenye ngazi. Hakunitisha. Alinishika mkono, akaniita dada. Alisema kule Uganda mtoto ni wa ukoo wa baba. Kesi ikisikizwa Mbale, atakuwa anamwona Chebet kwa picha tu. Nusura nilie. Halafu nikajiuliza – ametumwa?

Na Musobo je? Aliyechinja kuku?

Ijumaa, 7 Machi

Kesi ni Jumatatu. Kamishna wa viapo, wa kuniapisha, yuko orofa ya chini, anatungoja. Wakili alisema twende. Nikasema nimesahau kitambulisho nyumbani. Kimo mkobani! Sijawahi kumdanganya.

Aliniangalia. Akatabasamu. "Hakuna shida. Mtaa wenu wa West Indies ni hapo tu. Nakupeleka, unachukua, tunarudi."

Naandika nikiwa chooni. Nasikia funguo za gari zikilia nje ya mlango. Amegonga mara mbili. Hajapandisha sauti. Anasema nisiharakishe – nimpitishie tu mkoba, anishikie.