Fundo Juu ya Njia ya Kiboko

Jumatatu, 7 Machi 1988

Nimeshuka ziwani kabla ya jua. Umande mwingi, sketi imelowa mpaka magotini. Viboko wamepanda wawili, wamerudi wawili. Nimehesabu mara mbili. Vidole vya unyayo vikiangalia nyumba zetu, alikuwa anapanda kula majani. Vikiangalia maji, karudi kwake. Maji ndani ya nyayo yametulia, tope limekaa chini. Basi wamepita zamani. Maji yakiwa bado machafu, usisimame kuuliza.

Nikapanda, nikafunga fundo la funjo kwenye mti wa mwiba, fasi ile, pale njia inapoanzia. Wanawake wakaliona, wakashuka kukata mafunjo ya mikeka. Wanashuka wakiimba. Bila fundo langu hakuna anayeweka mguu pale. Miaka saba sasa tangu nianze kazi hii hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Baba aliwinda viboko mto Ruzizi. Nani mwingine angeifanya?

Furaha amenifuata tena. Ni mwanamke jirani, anatoka upande wa Fizi, mdogo kwangu kwa miaka kumi. Leo kanitangulia kusema: huyu ni dume, mavi yamerushwa juu ya kichaka. Ni kweli, dume hutawanya mavi kwa mkia. Nimemsifu. Moyoni nikaona wivu. Mtu mzima mimi.

Jumatano, 9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimemaliza mikeka sita. Hajati wa Mbarara, mwenye duka, anaitaka kesho, binti yake anaolewa. Lori la ndizi linatoka Rugaaga alfajiri na dereva wake hamsubiri hata mama yake mzazi.

Alhamisi, 10 Machi. Mbarara.

Naandika dukani kwa Hajati. Njia nzima nilikaa juu ya ndizi, mgongo unauma.

Leo sikushuka. Niandike tu, nani atasoma. Nilifika kwenye mti wa mwiba, nikasikia honi ya lori kule barabarani. Majani yalikuwa yamelowa. Nikafunga fundo, nikageuka, nikakimbia. Viboko hurudi majini kabla ya jua. Kila siku hurudi.

Hajati kaipenda mikeka. Kanipa chai ya tangawizi na sambusa. Nimekula tatu.

Jioni.

Furaha yuko hospitali, hapa hapa Mbarara. Wamemleta kwa gari la ofisi ya kambi. Dereva kaja dukani kunitafuta. Kiboko jike, mwenye mtoto. Alikuwa bado juu kwenye majani. Furaha alishuka wa kwanza, akawa kati yake na maji. Hapo ndipo mtu hafai kusimama, kati ya kiboko na maji. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Paja la kushoto. Mfupa umeonekana. Nami nilikuwa nakula sambusa.

Ijumaa, 11 Machi

Furaha kalala, wamempa dawa. Uso umekuwa mdogo. Mume wake, Matayo, kanishika mikono yote miwili, kanishukuru kwa kuwahi. "Fundo yako ilikuwa pale, yaya," akasema; yaya kwao ni dada mkubwa. "Ni ule nyama tu, ule kiboko, ndiye mubaya."

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa, nikamuuliza kama amekula.

Jumapili, 13 Machi

Nimerudi nyumbani. Habari ni moja tu: kiboko kaingiwa na wazimu. Fundo lilikuwepo, kwa hiyo njia ilikuwa salama, kwa hiyo katoka majini mchana kutafuta watu. Hivyo ndivyo wanavyohesabu. Hakuna aliyeniuliza. Mkuu wa kambi kaomba askari kutoka Mbarara waje wamuue.

Mchana nikashuka peke yangu. Yote bado yameandikwa kwenye tope. Unyayo mmoja mkubwa, mmoja mdogo, vidole vyote vinaangalia nyumba. Za kurudi ni zile za kukimbia tu, zilizochimba. Hana wazimu. Alitaka kurudi majini na mtoto wake, akamkuta mtu njiani. Hata anayejifunza angesoma hivyo.

Kwenye mti wa mwiba nikaona kisigino changu. Kimefika pale, kimegeuka. Nikavunja tawi, nikafuta. Wenzangu walikwisha kukikanyaga nusu, hata sijui nilikuwa namficha nani. Lakini nilifuta. Nimejichukia.

Jumanne, 15 Machi

Askari wawili, na bunduki. Mmoja mrefu, mpole, mtu wa huku huku. "Mama, watu nasema wewe najua hii nyama. Onyesha sisi gani."

Nilimwonyesha. Masikio mawili na pua juu ya maji, na mgongo mdogo pembeni. Ningeweza kunyoosha kidole kwa dume lile la mbali. Ningeweza kusema ukweli, wakarudi kwao. Nilinyoosha kidole kwa jike yule yule.

Wamempiga risasi saa nne asubuhi. Alielea alasiri, wakamvuta kwa kamba. Maziwa yakamtoka chuchuni, yakachanganyika na damu. Wachunga ng'ombe kutoka Endiinzi nao walikuja kutazama, wakaondoka bila neno. Watu wakagawana nyama. Mimi wakaniletea fungu la kwanza, la heshima. Nikasema tumbo linaniuma.

Yule mdogo hajaonekana.

Alhamisi, 17 Machi

Nimeshuka. Nimehesabu mara nne. Nimefunga fundo. Wameshuka wakiimba.

Jumatatu, 21 Machi

Mkeka unakwenda upande. Nimeufumua mara mbili. Salama, binti yangu, kasema mama unaumwa, tukuite dokta? Nikamfokea bure. Dhambi yangu mwenyewe, mtoto ndiye anayepigiwa kelele.

Jumamosi, 26 Machi. Mbarara.

Nimemwambia.

Nilimpelekea uji. Matayo alikuwa nje anafua. Nikasema: Furaha, siku ile sikushuka. Nilifunga nikakimbilia lori. Nikaanza kulia kabla sijamaliza, nikakasirika kwa kulia, maana mwenye haki ya kulia ni yeye.

Hakushtuka. Alitazama juu kwenye mabati. Kisha akasema, "Ninajua, yaya. Niliona miguu yako. Iliishia ku fundo. Chini kule hakukuwa mutu, umande ilikuwa muzima." Akavuta shuka. "Nikasema, yaya Aziza anajua kunipita. Labda alipitia fasi ingine. Nikashuka."

Aliona. Alisoma njia vizuri kuliko mtu yeyote, kama nilivyomfundisha, akayaacha macho yake akashika fundo langu.

Kisha akauliza kama yule nyama aliuawa. Nikasema ndiyo. Na mtoto? Nikasema sijui. Akageukia ukuta. "Walimuua bule," akasema. Hakuniaga.

Jumatatu, 28 Machi

Nimewaambia wanawake wote, pale kwenye mti wa mwiba. Nilisema haraka haraka, kisha wakanitaka nirudie polepole. Mmoja katema mate. Mmoja kasema si kitu, yaliyopita si ndwele. Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi.

Sikufunga fundo. Nikawaambia kila mmoja ashuke nami, asome mwenyewe. Wakaja wanne tu. Wengine wamerudi nyumbani bila mafunjo.

Jumatano, 6 Aprili

Wamefika saba. Nimewaonyesha maji ya nyayo, yale machafu na yale yaliyotulia. Nimewaonyesha mavi ya jana, yamekauka juu, wadudu wameingia. Hawaimbi. Wanatazama chini.

Furaha karudi jana. Sikwenda kumsalimu. Naogopa.

Alhamisi, 14 Aprili

Kulipopambazuka nilimkuta Furaha kwenye mti wa mwiba, kakaa juu ya jiwe, fimbo mapajani. Mguu haukunjiki tena. Sikujua niseme nini, nikasema hujambo. Akasema nishuke tu, yeye mteremko bado hauwezi.

Nikashuka. Amepanda mkubwa mmoja, karudi mmoja. Maji yametulia. Karibu na mafunjo kuna nyayo ndogo za yule mtoto wa kiboko, za kupanda na za kurudi, peke yake. Nilisimama pale kidogo.

Nilipopanda, nilimkuta kainama, anafuata nyayo zangu kwa ncha ya fimbo. Za kushuka, kisha za kupanda. Kwanza mpaka pale jicho lake linapofika, kisha akarudia, ahakikishe kweli nimeshuka. Hakunitazama usoni. Nikasubiri.

Akanyoosha mkono, nikampa funjo. Akafunga fundo mwenyewe.