Kola Niliyoifumua

Shangazi Winfrida mpendwa, nisaidie kabla sijamkimbia mtu aliyenifunza kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Bulyaga, kwa Mzee Mrisho, na tangu mitumba ijae sokoni watu hawashonishi tena, wanaleta tu makoti yapunguzwe, lakini mimi nilishajiwekea lengo kwamba kabla ya Pasaka nitashona koti la kiume mwenyewe, kola na bitana, basi mwaka jana nikajifungua mtoto akafariki, niliporudi kazini Mzee akanipa vifungo na pindo tu, ujira uleule, kila nikigusa koti ananiambia, "Acha mwanangu, usijichoshe," na kweli nilishukuru, ila sasa ni miezi minane, vifungo vimenichosha kuliko hayo makoti, nachelewa, napiga miayo, nakaa nawaza kaburi. Wiki iliyopita Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri nikafumua kola ya koti la Mwalimu Ackson nione ilivyojengwa ndani, nikashindwa kuirudisha. Mwenyewe alipokuja akafoka, na Mzee akamwambia, "Nisamehe mwalimu, macho yangu yamezeeka." Nilikaa kimya, Shangazi! Sasa nimepata nafasi kwa fundi mwingine Kiwira. Niende?

Atuganile, Tukuyu

Atuganile mwanangu, pole sana kwa mtoto. Sasa kaa nikuseme. Koti la mtu si daftari la mazoezi, na kunyamaza huku mzee wa watu anafokewa, loo, hapo umenikera! Unadhani hajui ni mkono gani uliofumua? Ameshona maisha yake yote. Alijua, akakusitiri.

Lakini uvivu sijauona kwako. Kazi nyepesi humfaa mgonjwa, aliyepona inamlaza. Mzee hajui kama umepona kwa sababu hujamwambia. Kiwira usiende, aibu hiyo utaibeba mpaka huko.

Jumatatu wahi kabla hajafungua duka. Mwambie kosa ni lako, kisha nendeni wote kwa mwalimu ukaseme hivyo hivyo. Halafu omba kufundishwa kola, kola tu, kwenye kitambaa chako chakavu, Mzee akiwa pembeni. Ukiiweza, omba mfuko. Ukiuweza mfuko, omba mkono. Pasaka hii ikipita hujamaliza, ipo nyingine.

Mwambie na "ndaga", asante ya kwenu. Amekaa Tukuyu miaka mingi, ataelewa unamshukuru kwa lipi. Na koti lako la kwanza, mwanangu, mpime yeye.